Mary Wollstonecraft: aliyetaka wasichana na wavulana wasome darasa moja

Wasikilizaji wetu, hoja kwamba binti hana haja ya kusoma sana kwa sababu ataolewa tu haikuanzia kwetu. Uingereza ya miaka ya 1700 iliishi nayo. Leo tunawaletea maisha ya Mary Wollstonecraft, mmoja wa watu wa mwanzo kuijibu hoja hiyo kwa kitabu.

Mary alizaliwa London tarehe 27 Aprili 1759. Babu yake aliacha mali, lakini baba yake aliimaliza kwa kuhamahama akijaribu kilimo kisichomlipa. Alikuwa mlevi na alimpiga mkewe. Mary, akiwa bado msichana, alikuwa akilala nje ya mlango wa chumba cha mama yake ili amkinge. Kaka yake mkubwa alisomeshwa sheria. Mary alipata shule kidogo, mengi akajifunza mwenyewe.

Mwaka 1784 alifungua shule pamoja na wadogo zake wawili na rafiki yake, Fanny Blood. Mwaka uliofuata Fanny alifariki kwa uzazi, na baadaye shule ikafungwa. Mary akaenda Ireland kufundisha watoto wa familia ya kitajiri, kisha akarudi London kuishi kwa kalamu yake, jambo ambalo wanawake wachache waliliweza.

Mwaka 1791, nchini Ufaransa, mwanasiasa Talleyrand alipeleka bungeni mpango wa elimu. Wasichana wangesoma na wavulana hadi umri wa miaka minane, kisha warudi nyumbani. Mwaka 1792 Mary alimjibu kwa kitabu cha kutetea haki za mwanamke.

Hoja yake ilikuwa hii: mwanamke hakuzaliwa na akili ndogo. Amenyimwa elimu, akafundishwa kupendeza tu, halafu analaumiwa kwa kutojua. Mama asiyefundishwa kufikiri atawaleaje watoto wenye busara? Alitaka serikali ianzishe shule za kutwa, na watoto wa miaka mitano hadi tisa, tajiri kwa maskini, wasome pamoja bila ada. Baada ya hapo, hata yeye alikubali watoto wa kazi za mikono watenganishwe na wengine. Lakini alisema wanawake wanaweza kuwa madaktari, kuendesha biashara na kuwa na wawakilishi bungeni.

Tarehe 30 Agosti 1797 Mary alijifungua mtoto wake wa pili wa kike. Kondo la nyuma halikutoka, daktari akalitoa kwa mkono. Homa ya uzazi ikamshika, akafariki tarehe 10 Septemba akiwa na miaka 38. Mtoto huyo, Mary Shelley, alikuja kuandika riwaya maarufu ya Frankenstein.

Mwaka uliofuata mumewe, William Godwin, alichapisha maisha yake bila kuficha kitu, hata kwamba binti yake wa kwanza alimzaa nje ya ndoa. Watu wengi wakapata la kusema. Hoja zake hawakuzijibu, walimsema yeye, na kwa miaka mingi wengi waliona aibu kumtaja.

Wanawake wa Uingereza walipata haki ya kupiga kura sawa na wanaume mwaka 1928, miaka 136 baada ya kitabu kile. Ndiyo maana tunawaomba wazazi wanaotusikiliza: suala la binti kuendelea na shule likija nyumbani, tuipime hoja yenyewe, tusimpime anayeisema.