Bakhita na nyota za usiku



Msimu uliopita mvua ya mawe ilipiga tumbaku yetu hapa Ushetu. Deni la pembejeo likabaki palepale. Usiku nilikesha kwenye bani nikichochea moto wa kukaushia majani machache yaliyosalia. Kusema kweli, rozari ilikuwa mfukoni lakini sikuigusa. Nilitazama nyota nikawaza kwamba anga hilihili ndilo limetumaliza.

Hapo nikamkumbuka Mtakatifu Yosefina Bakhita.

Alizaliwa Darfur, Sudan, mnamo 1869 hivi. Akiwa bado mtoto alitekwa na wafanyabiashara wa watumwa, akaogopa mpaka akasahau jina lake la kuzaliwa. Bakhita, yaani mwenye bahati, ni jina alilopewa na watekaji wake. Hebu fikiria! Aliuzwa mara kadhaa, akapigwa, akachanjwa mwili kwa wembe na vidonda vikatiwa chumvi.

Hakuwa na Biblia wala katekista. Lakini akitazama jua, mwezi na nyota, alijiuliza mwenye vitu vizuri hivi ni nani, akatamani kumwona na kumheshimu.

Mwaka 1883 balozi mdogo wa Italia alimnunua kule Khartoum, na mwaka 1885 akaenda naye Italia. Huko Venezia, masista wa Kanossa wakamfundisha dini. Ndipo akajua kuwa Yule aliyekuwa akimuulizia ana jina. Mwaka 1889 mahakama ikatamka kuwa yeye ni mtu huru, na tarehe 9 Januari 1890 akabatizwa. Akawa sista, akatumika jikoni na mlangoni huko Schio, hadi alipofariki tarehe 8 Februari 1947. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu mwaka 2000.

Jamani, nyota hazikumfungua Bakhita minyororo. Zilimwonyesha tu kwamba dunia ina Mwenyewe, na Mwenyewe huyo siye yule aliyeshika kiboko. Mimi nilitaka anga linilindie shamba, nikasahau kumtafuta mwenye anga.

Deni bado lipo. Ila usiku ule nilitoa rozari, nikasali fungu moja huku moto ukiwaka.

Leo usiku weka simu pembeni dakika tano, toka nje, tazama juu. Bakhita aliuliza bila kujua jina. Wewe unalijua tayari, basi mwite.

Mtakatifu Yosefina Bakhita, utuombee.