Grace Hopper Naye Alidesa

Semista iliyopita kikundi chetu kilipata sifuri kwenye zoezi la programu. Tulidesa kipande cha kodi kwa jamaa wa mwaka wa tatu, tukakibandika kwetu, tukasahau kubadilisha jina moja. Nilinuna wiki nzima. Halafu nikasoma maisha ya Grace Hopper, kumbe hata yeye alianza kwa kudesa.

Alizaliwa New York mwaka 1906. Utotoni alifungua saa saba za mezani ajue zinavyofanya kazi, mpaka mama yake akamwachia moja tu ya kuchezea. Alipata udaktari wa hisabati Yale mwaka 1934, akafundisha Vassar, kisha wakati wa vita akajiunga na Jeshi la Majini la Marekani, ingawa alikuwa mwembamba kuliko kipimo chao. Mwaka 1944 akapelekwa Harvard, kwenye kompyuta ya Mark I. Huko yeye na wenzake walikuwa na madaftari ya vipande vya kodi vilivyokwisha kuthibitika. Mwenye shida alinakili kwa mkono. Desa kabisa.

Mwaka 1949 alihamia kampuni ya Eckert na Mauchly, Philadelphia, iliyokuwa ikiunda UNIVAC. Tatizo likamfuata. Kila kipande kilianzia mstari wa sifuri, hivyo ukikihamishia katikati ya programu yako unajumlisha anwani zote upya. Na watu, hata wenye digrii za hisabati, hukosea kujumlisha. Kunakili nako hukosea: B inageuka 13.

Jibu lake lilikuwa A-0, mwaka 1952. Vipande viliwekwa kwenye utepe, kila kimoja na namba yake ya kuitia. Wewe unaandika namba, unataja data itoke wapi na jibu liende wapi. Kompyuta yenyewe inakitafuta, inakinakili, inarekebisha anwani. Ule mstari wa import tunaouandika juu ya faili ni mjukuu wa namba zile.

Kulikuwa na kigingi. Mashine ilipitia kazi mara moja tu, kwenda mbele. Sasa kipande kikitaka kurukia kingine ambacho bado hakijafika? Hapa ndipo ninapompenda huyu mama. Alikumbuka mpira wa kikapu wa ujanani: sheria za wanawake ziliruhusu kudunda mara moja tu, kwa hiyo unampasia mwenzako, unakimbia mbele, anakurudishia. Akatenga kona mwishoni mwa kumbukumbu. Kipande kilirukia konani na kuacha ujumbe. Kile kingine kikifika, anwani yake inajazwa pale.

Baadaye akataka amri ziwe maneno. Aliwaonyesha wakubwa wa kampuni programu fupi kwa Kiingereza, kisha ileile kwa Kifaransa na Kijerumani. Wakashtuka: mashine iliyoundwa Philadelphia itajuaje Kifaransa? Kwake ilikuwa kubadilisha alama tu, lakini ilibidi awahakikishie kuwa ni Kiingereza peke yake. Ikazaliwa FLOW-MATIC, na mengi yake yakaingia COBOL. Alistaafu jeshini mwaka 1986 akiwa na miaka 79, akafariki mwaka 1992.

Juzi nilifungua kale kalugha ka mazoezi tulikotengeneza darasani. Nikafuta neno import, nikaandika leta. Ulikuwa mstari mmoja tu, na programu zote zikakimbia.