Emil Zátopek, mukimbiaji wa mabuti na baridi

Leo tunawaletea maisha ya mutu mwenye hakuzaliwa na mbio mu miguu.

Emil Zátopek alizaliwa tarehe 19 mwezi wa 9, mwaka wa 1922, mu Kopřivnice, inchi ya Chekoslovakia. Baba yake alikuwa seremala, watoto wengi, makuta kidogo. Alipofikisha miaka 16 alienda kutumika mu Zlín, kwa kampani ya viatu ya Bata, jina wazee wetu wote wanalijua. Siku moja wakubwa wa kazi waliamuru vijana wakimbie mashindano. Emil hakutaka hata kidogo. Alisingizia ugonjwa, munganga akamupima akamurudisha: hana kitu. Basi akakimbia kwa lazima, na katikati ya watu kama 100 akatoka wa pili. Ndipo ilianzia.

Kumuangalia anakimbia haikuwa raha. Kichwa kilianguka upande, ulimi inje, uso kama wa mutu anayechomwa kisu. Wajuzi wa mbio walimucheka. Yeye aliwaza hivi: kukimbia polepole nilikwisha kujua, sasa nijifunze kukimbia upesi. Akaikata njia vipande: metre 200 mara 5, metre 400 mara 20, kisha 200 tena mara 5. Katikati ya kipande na kipande hakukaa chini, alijikokota polepole mpaka pumzi irudi. Mwaka kwa mwaka akaongeza hesabu. Ndugu zetu wenye kuchoka kisha kilometre mbili, sikilizeni hapo: hata ninyi munaweza kuanza na vipande vitano. Siye wa mugodi tunajua namna mulima unatoka, ni wagoni kwa wagoni.

Na hiyo yote aliifanya mu baridi. Sisi huku mwezi wa 7 tunatetemeka asubuhi tukingoja basi ya kazi, lakini kule theluji inafunika barabara na mito inaganda. Zátopek aliingia jeshi kisha vita ya 1945. Kazi ya muchana ikiisha, alienda mu pori usiku, na tochi mukononi, na mabuti mazito ya asikari mu miguu. Theluji ilimulazimisha kuinua magoti, na siku ya mashindano, akivaa viatu vyepesi, alijisikia kama hana kitu mu miguu. Wanasimulia tena kwamba siku inje kulikuwa kubaya sana, alitia nguo chafu na sabuni mu beseni ya kuogea, akakimbia juu yake pale pale. Nguo zikatakata, na mazoezi yakaisha! Mara ingine alimubeba muke wake Dana mu mugongo, akakimbia naye mu theluji. Dana mwenyewe alikuwa mutupaji wa mukuki, na walizaliwa siku moja, mwaka mumoja.

Mu London, 1948, alishinda metre 10 000. Lakini mwaka wenye kumuonyesha ni mutu gani ni 1952, mbele ya michezo ya Helsinki. Mwenzake Stanislav Jungwirth, mukimbiaji wa metre 1500, alifutwa mu ekipe sababu baba yake alifungwa kwa mambo ya politike. Zátopek alikataa kupanda ndege kama mwenzake haendi. Alikuwa asikari, chini ya serikali yenye kufunga watu bure, na angeweza kupoteza yote. Ndege ikaenda bila yeye. Kisha wakubwa wakalegea, wote wawili wakafika Helsinki. Siye wa sendika, tunajua wadelege wengi wenye kusema sana mu mukutano na kunyamaza mbele ya directeur, tunapima uzito wa ile siku.

Kule akachukua zahabu ya metre 10 000, kisha ya 5000. Siku ile ya 5000, Dana naye akashinda mukuki. Ikabaki marathoni, kilometre 42 na zaidi, mbio yenye hakuikimbia hata mara moja mu maisha. Alijipachika kando ya Muingereza Jim Peters, mwenye kuogopwa kuliko wote, akamuuliza kama mwendo huu ni muzuri. Peters akamujibu kwa muchezo kwamba ni wa polepole. Zátopek akaamini, akaongeza. Peters alishindwa njiani; Zátopek akafika wa kwanza, saa 2, dakika 23 na sekunde 3. Mpaka leo hakuna mwingine mwenye kushinda zile mbio tatu mu michezo mimoja.

Mu 1956 alipasuliwa tumbo, na wiki chache tu kisha akakimbia marathoni ya Melbourne. Akatoka wa sita. Aliyeshinda ni Alain Mimoun, mutoto wa Algeria, mwenye miaka mingi alitoka wa pili nyuma yake. Zátopek alipofika, alimupigia saluti.

Mu 1968 alitia sahihi yake pamoja na wenye kuomba uhuru, na vifaru vya Warusi vilipoingia Prague alisimama mu barabara akapinga. Wakamufukuza mu chama, wakamufukuza mu jeshi. Koloneli mwenye medali nne za zahabu akaenda kutoboa udongo kwa mashine, pamoja na kikosi cha watafuta maji na madini, analala mu kanyumba ka magurudumu mbali na bibi yake, miaka na miaka. Katikati ya ile taabu alikubali kusema hadharani maneno yenye wakubwa walitaka. Wenzake wengine hawakumusamehe. Siye hatumuhukumu: mutu anaweza kushinda baridi yote na bado akachoka.

Serikali mupya ilimuomba musamaha mu 1990. Alikufa mu Prague, mwezi wa 11 wa 2000, na miaka 78. Walimuaga mu Teatro ya Taifa.