Booker T. Washington: Alikagua mashamba kabla ya kupanga masomo

BOOKER T. Washington alipofika mji mdogo wa Tuskegee katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani, Juni 1881, alitarajia kukuta shule imeshajengwa. Hakukuta jengo wala kiwanja. Kilichokuwepo ni sheria ya jimbo iliyotenga dola 2,000 kwa mwaka, na fedha hizo zilikuwa za mishahara ya walimu pekee. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 25.

Mwingine angeanza kwa kuandika ratiba ya vipindi. Yeye alitumia sehemu kubwa ya mwezi wa kwanza akizunguka vijijini kwa mkokoteni wa nyumbu, akila na kulala kwa wakulima weusi ili aone wanavyoishi. Ziara hiyo ndiyo iliyozaa mojawapo ya mipango ya elimu ya kazi iliyoigwa sana duniani, Afrika Mashariki ikiwemo.

Kutoka utumwani

Washington alizaliwa mtumwa mwaka 1856 huko Hale's Ford, Virginia. Watumwa walipoachwa huru mwaka 1865, familia yake ilihamia Malden, West Virginia, na huko akiwa bado mtoto alifanya kazi kwenye matanuri ya chumvi, kisha kwenye migodi ya makaa ya mawe.

Mwaka 1872 alisafiri umbali wa karibu kilometa 800, sehemu yake kwa miguu, kwenda kusoma Taasisi ya Hampton, shule iliyochanganya masomo ya darasani na kazi za mikono. Hakuwa na ada, hivyo alilipia gharama zake kwa kufanya usafi wa majengo. Alihitimu mwaka 1875. Tuskegee ilipotafuta mwalimu mkuu, mkuu wa Hampton, Jenerali Samuel Armstrong, alilitaja jina lake.

Alichokiona vijijini

Kwa mujibu wa kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1901, alikuta pamba imepandwa hadi kwenye mlango wa nyumba, lakini hakuna bustani ya mboga. Chakula kilikuwa nyama ya nguruwe yenye mafuta na mkate wa mahindi, vyote vya kununua dukani. Wakulima wengi walikopa kwa dhamana ya pamba ambayo haijavunwa, na msimu ulipoisha deni lilibaki palepale.

Katika nyumba moja aliyokaribishwa chakula, watu watano walikuwa mezani na uma ulikuwa mmoja. Pembeni kilikuwepo kinanda cha dola 60 kinacholipiwa kwa mafungu kila mwezi. Kwingine alimkuta kijana aliyepita sekondari akisoma sarufi ya Kifaransa ndani ya kibanda cha chumba kimoja, huku bustani na uwanja vimemezwa na magugu.

Hakuwa na ugomvi na Kifaransa. Swali lake lilikuwa la kiuchumi: kijana huyu akitoka hapo, atajipatia kipato kwa kazi gani, na nani katika eneo hili atamlipa? Jibu lilionekana wazi. Zaidi ya theluthi mbili ya watu wa eneo hilo waliishi kwa kilimo, hivyo programu ya shule ilipaswa kuanzia shambani, kisha iende kwenye ujenzi, ufundi na ualimu.

Matofali kwanza

Shule ilifunguliwa Julai 4, 1881 ikiwa na wanafunzi 30 katika kibanda kibovu na kanisa lililokuwa jirani. Muda mfupi baadaye ilinunua shamba la ekari 100 kwa dola 500, na malipo ya awali yalitokana na mkopo wa mhasibu wa Hampton.

Washington aligundua kuwa mjini hapakuwa na kiwanda cha matofali ingawa mahitaji yalikuwepo. Shule ikaanza kuchoma yake. Tanuri la kwanza lilishindwa, la pili na la tatu pia. Fedha zilipokwisha, aliweka saa yake rehani mjini Montgomery kwa dola 15 na kujaribu mara ya nne. Safari hii matofali yaliiva. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1900 wanafunzi walikuwa wakifyatua matofali milioni 1.2 kwa msimu, wakijenga shule yao na kuwauzia wakazi wa mji, wazungu kwa weusi.

Mpango huo ulikuwa na mambo matatu ambayo mchumi yeyote angeyatambua. Kwanza, kila fani ilichaguliwa kwa kuangalia mteja. Pili, somo la darasani lilifungwa na kazi: hesabu zilipimwa kwenye vipimo vya nyumba, na kemia kwenye udongo wa shamba. Tatu, maskini alipewa njia ya kulipia. Tangu mwaka 1884, asiye na ada alifanya kazi kwa muda wa saa 10 kutwa na kusoma kwa muda wa saa mbili jioni. Ujira wake uliwekwa akiba, umsaidie atakapohamia masomo ya mchana.

Wazazi hawakufurahi. Wengi walituma barua na ujumbe kupinga watoto wao kufanyishwa kazi za jembe, kwani kazi hizo ziliwakumbusha utumwa. Washington alilazimika kusafiri sehemu mbalimbali za jimbo akiwaeleza tofauti ya kutumikishwa na kujifunza.

Kutoka shule moja hadi wilaya

Mwaka 1892 aliitisha mkutano wa wakulima. Alialika watu 75 hivi, wakaja karibu 400. Mwaka 1896 alimwajiri George Washington Carver kuongoza idara ya kilimo, ambaye aliwahimiza wakulima kupanda kunde, karanga na viazi vitamu ili kurudisha rutuba iliyoliwa na pamba. Mwaka 1906 shule ilipeleka mafunzo vijijini kwa gari la farasi lililobeba zana na mbegu, na mhitimu wake Thomas Campbell akaajiriwa na Wizara ya Kilimo ya Marekani kuwa ofisa ugani.

Lakini shule moja haiwezi kubeba jimbo zima. Mwaka 1907 ulianzishwa Mfuko wa Jeanes wa dola milioni moja kwa ajili ya shule za vijijini za weusi, na Washington alikuwa miongoni mwa wadhamini wake. Mwaka uliofuata, ofisa elimu wa Wilaya ya Henrico, Virginia, alimteua mwalimu Virginia Randolph kuzungukia shule za wilaya hiyo, akisaidia kila moja kuingiza kazi za mikono na kuboresha mazingira kulingana na mahitaji ya wakazi. Utaratibu huo ulienea katika wilaya nyingi za kusini.

Baadaye Washington alimshawishi mfanyabiashara Julius Rosenwald wa Chicago kuchangia ujenzi wa shule sita ndogo karibu na Tuskegee, kwa sharti kwamba wanakijiji nao wachangie. Hadi mwaka 1932, mpango huo ulikuwa umejenga majengo zaidi ya 5,000 katika majimbo 15.

Upande wa pili wa sarafu

Sifa hizo zina doa. Mwaka 1895, akihutubia mjini Atlanta, Washington aliwashauri weusi waweke mbele ufundi na mali kuliko madai ya siasa. Mwaka 1903 msomi W.E.B. Du Bois alimkosoa vikali: fundi asiye na kura hana wa kumlinda anapodhulumiwa, na jamii isiyo na wasomi haitapata hata walimu wa ufundi wenyewe. Leo inajulikana kuwa Washington aligharamia kwa siri kesi za kupinga sheria zilizowanyima weusi kura. Hadharani, hata hivyo, alinyamaza.

Kulikuwa na tatizo la pili, la soko lenyewe. Tuskegee ilifundisha uhunzi na utengenezaji wa magurudumu ya mikokoteni wakati viwanda vikubwa vikianza kuzimaliza kazi hizo, na vyama vingi vya wafanyakazi viliwafungia milango mafundi weusi. Wahitimu wengi waliishia kuwa walimu.

Mfumo huo ulipovuka bahari, kasoro zikazidi. Tume ya Phelps-Stokes ilizuru Afrika Mashariki mwaka 1924 ikisifu mtindo wa Hampton na Tuskegee. Mwaka 1925 serikali ya kikoloni ilifungua Shule ya Jeanes huko Kabete, Kenya, kufundisha walimu wa kuzungukia shule za vijijini.

Umbo lilikuwa lilelile, ila swali la mteja halikuulizwa. Mwafrika alifundishwa kilimo bora wakati kwa miaka mingi alizuiwa kulima kahawa, zao lililokuwa na fedha, huku mishahara ya maana ikiwa ya makarani. Wazazi walipodai masomo ya vitabu hawakuwa wavivu wala wajinga. Walikuwa wamesoma soko vizuri kuliko wapangaji.

Urithi wake

Washington alifariki Novemba 14, 1915 akiwa na umri wa miaka 59. Aliacha taasisi yenye majengo zaidi ya 100, wanafunzi wapatao 1,500 na mfuko wa karibu dola milioni mbili. Waliomfuata hawakung'ang'ania fani zake. Katika Vita Kuu ya Pili taasisi hiyo ilifundisha marubani, mwaka 1945 ikafungua shule ya udaktari wa mifugo, na mwaka 1985 ikawa chuo kikuu.

Tanzania nayo, kupitia Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 Toleo la 2023, imeweka mkondo wa amali katika shule za sekondari. Karakana zinaweza kujengwa na zana kununuliwa, lakini kila halmashauri bado ina kazi ile aliyoifanya Washington juu ya mkokoteni wa nyumbu: kujua watu wake wanauza nini, wananunua nini kutoka nje, wanadaiwa na nani, na fundi atakayehitimu atapata mteja wapi. Majibu hayo hayapatikani katika mtaala wa wilaya nyingine, na yanapaswa kutafutwa upya kila soko linapobadilika.