Malkia Nara (Mke wa Kaisari Qianlong)

Malkia Nara (11 Machi 1718 – 19 Agosti 1766) alikuwa malkia wa pili wa Kaisari Qianlong wa nasaba ya Qing iliyotawala China. Alishika cheo hicho kuanzia mwaka 1750 hadi kifo chake, ingawa katika mwaka wa mwisho alinyang'anywa hati na mihuri yote ya vyeo vyake bila kuvuliwa umalkia kwa tangazo rasmi. Anajulikana hasa kwa tukio la mwaka 1765, alipokata nywele zake akiwa safarini na kaisari kusini mwa China. Alizikwa bila heshima za malkia, bila kaburi lake mwenyewe na bila jina la heshima ambalo malkia hupewa baada ya kufa. Kwa sababu hiyo vitabu vingi humwita tu Malkia Nara, au Malkia Mrithi, maana yake aliyefuata baada ya malkia wa kwanza.

Maisha yake yamekuwa msingi wa riwaya na tamthilia nyingi za China, nyingine zikimwonyesha kama mke aliyedhulumiwa na nyingine kama mwanamke mkorofi.

Asili na jina

Alizaliwa katika familia ya Wamanchu wa ukoo wa Nara. Baba yake aliitwa Narbu, naye alikuwa mkuu wa kikosi katika mfumo wa Bendera Nane, yaani mpangilio wa kijeshi uliogawa familia zote za Wamanchu chini ya bendera zao. Haikuwa familia ya kimaskini, lakini pia haikuwa miongoni mwa zile kubwa zilizozoea kutoa mawaziri na majenerali.

Ukoo wa Nara ulikuwa na matawi kadhaa yaliyoitwa kwa majina ya falme ndogo za kale za kaskazini-mashariki: Yehe, Hada, Hoifa na Ula. Wataalamu wengi wa leo wanamhesabu katika tawi la Hoifa, ufalme ulioangushwa na Nurhaci mwaka 1607. Hata hivyo, rasimu ya historia ya Qing iliyotolewa mwaka 1928 ilimwandika kuwa wa Ula, na kosa hilo limeenea sana. Ndiyo maana katika baadhi ya hadithi anafanywa mpwa wa malkia wa Kaisari Yongzheng, ambaye kweli alikuwa wa Ula.

Jina lake binafsi halikuandikwa popote. Majina kama Ruyi na Shushen yanayosikika kwenye televisheni yamebuniwa na waandishi.

Kuingia ikulu

Mwaka 1734 Kaisari Yongzheng alimchagua awe mke mdogo wa mwanawe wa nne, Hongli. Wakati huo Nara alikuwa na umri wa miaka 16. Hongli tayari alikuwa na mke mkuu, bibi wa ukoo wa Fuca aliyemwoa mwaka 1727, na kila habari iliyobaki inaonyesha kwamba alimpenda kweli. Jambo hili lafaa kukumbukwa katika yote yaliyofuata: Nara hakuchaguliwa na mume wake, wala kwa mara ya kwanza wala kwa mara ya pili.

Yongzheng alifariki mwaka 1735, na Hongli akatawala kwa jina la Qianlong. Bibi Fuca akawa malkia. Nara alipewa cheo cha suria wa daraja la fei pamoja na jina Xian, lenye maana ya upole na adabu. Mwaka 1745 alipandishwa kuwa guifei, daraja lililoruhusiwa kuwa na wanawake wawili tu kwa wakati mmoja. Katika miaka hiyo yote hakupata mtoto. Kumbukumbu za ikulu hazina kashfa yoyote juu yake. Zinamtaja kwenye orodha za zawadi, za sherehe na za safari, basi.

Kuwa malkia

Mwaka 1748 Malkia Fuca alifariki huko Dezhou, akiwa njiani kurudi kutoka safari ya mashariki pamoja na kaisari. Alikuwa amezika wana wawili, wa mwisho miezi michache tu kabla ya safari hiyo. Huzuni ya Qianlong iligeuka hasira. Aliwakaripia hadharani wanawe wawili wakubwa kwa kutoonyesha majonzi ya kutosha. Maafisa walionyoa vichwa ndani ya siku 100 za maombolezo waliadhibiwa, na Saileng'e, gavana mkuu wa Huguang, aliamriwa ajiue kwa kosa hilo. Wamanchu walizichukulia nywele kuwa jambo la dola, na Nara aliyaona hayo yote kwa karibu.

Kiti cha malkia hakikuweza kukaa wazi. Mama wa kaisari, Chongqing, aliyekuwa na sauti kubwa katika mambo ya ndani ya ikulu, alitaka Nara akikalie kwa kuwa ndiye aliyekuwa mkubwa kwa cheo miongoni mwa waliobaki na alikuwa mwenye tabia njema. Qianlong alikubali, lakini aliomba kwanza muda wa maombolezo upite. Mwaka huohuo Nara alipewa cheo cha huangguifei, cha pili baada ya malkia, pamoja na kazi ya kusimamia nyumba zote za wanawake ikuluni. Alitawazwa kuwa malkia tarehe 2 Septemba 1750.

Kwa miaka mingi baada ya hapo kaisari aliendelea kuandika mashairi ya kumlilia Fuca. Kuolewa mahali pa marehemu anayelaumiwa na kila mtu ni kazi. Kuolewa mahali pa marehemu anayesifiwa kila siku bila shaka ni kazi ngumu zaidi.

Hata hivyo, mwanzo ndoa ilionekana kustawi. Mwaka 1752, Nara akiwa na umri wa miaka 34, alimzaa Yongji, mwana wa kumi na mbili wa kaisari. Mwaka 1753 alizaa binti, aliyehesabiwa wa tano, na Januari 1756 akamzaa Yongjing, mwana wa kumi na tatu. Binti alifariki mwaka 1755 na Yongjing mwaka 1757. Akabaki na Yongji peke yake. Aliongoza ibada za malkia na kufuatana na kaisari katika safari za kusini za miaka 1751, 1757 na 1762.

Wakati huohuo nyota ya mwanamke mwingine ilikuwa inapanda. Huyu alikuwa bibi wa ukoo wa Wei, aliyejulikana kwa jina la cheo Ling, ambaye familia yake ilitoka katika tabaka la watumishi wa nyumba ya kifalme. Kuanzia mwaka 1756 alizaa karibu kila mwaka au miaka miwili, na mwaka 1760 alimzaa Yongyan, ambaye baadaye alikuja kuwa Kaisari Jiaqing.

Tukio la Hangzhou

Mwanzoni mwa mwaka 1765 Qianlong alianza safari yake ya nne ya kusini, akiwa na mama yake, malkia, Bibi Ling na masuria wengine. Njiani malkia alisherehekea siku yake ya kuzaliwa, na hakuna dalili ya ugomvi iliyoandikwa.

Mwezi Aprili msafara ulikuwa Hangzhou, karibu na Ziwa la Xihu. Daftari za chakula za ikulu, ambazo ziliandika kila siku nani kaletewa nini kutoka meza ya kaisari, zinaonyesha kwamba asubuhi moja malkia alipelekewa vyakula kama kawaida. Kwenye orodha ya jioni ya siku ileile hayumo. Baada ya hapo hayumo tena hadi mwisho wa safari.

Kilichotokea kati ya milo hiyo miwili hakikuandikwa. Kinachojulikana ni kwamba malkia alikata nywele zake. Kwa desturi ya Wamanchu, mwanamke wa ikulu alikata nywele kwa kifo cha kaisari au cha mama wa kaisari, na wote wawili walikuwa hai, tena wako naye safarini. Kitendo hicho kingeweza kusomwa kuwa laana ya kuwatakia kifo. Kingeweza pia kusomwa kuwa tangazo la mke kwamba kwake yeye mume amekwisha kufa, au kuwa hatua ya mtu anayetaka kuiacha dunia na kuwa mtawa wa Kibuddha. Kwa namna yoyote ile, malkia aliyeshuhudia mwaka 1748 watu wakiadhibiwa kwa sababu ya nywele hakuweza kufanya hivyo kwa kutojua.

Alirudishwa Beijing haraka kwa njia ya maji chini ya ulinzi wa Fulong'an, mkwe wa kaisari. Fulong'an alikuwa pia mpwa wa marehemu Malkia Fuca.

Kuna maelezo mengi juu ya sababu. Simulizi za mitaani zilidai kwamba kaisari alikuwa akitoka usiku kwenda kwa wanawake wa kwenye mashua, na malkia akamkanya. Habari hiyo ni tamu kusimulia lakini haina ushahidi. Wanahistoria wengine wanaona kwamba chanzo ni uamuzi wa kumpandisha Bibi Ling kuwa huangguifei. Maelezo haya yana uzito zaidi, kwa sababu cheo hicho kwa kawaida hakikutolewa kwa mtu mwenye afya wakati malkia yupo hai, isipokuwa kwa nia ya kumwandaa kwa nafasi kubwa zaidi. Ling alipewa cheo hicho mwaka huohuo wa 1765.

Adhabu na kifo

Qianlong aliporudi Beijing alitaka kumwondoa malkia rasmi. Ayonga, naibu waziri wa sheria, ambaye naye alikuwa Mmanchu, alipinga waziwazi, akafukuzwa kazi na kupelekwa uhamishoni Heilongjiang. Tangazo halikutolewa. Badala yake kaisari alichukua njia ya kimyakimya: katikati ya mwaka 1765 aliagiza zirudishwe hati na mihuri ya vyeo vyote vinne alivyowahi kushika Nara, kuanzia fei hadi malkia. Watumishi wake wa kike walipunguzwa wakabaki wawili, idadi iliyowekwa kwa masuria wa daraja la chini kabisa. Kwa jina alikuwa bado malkia. Kwa maisha ya kila siku hakuwa na cheo chochote.

Alifariki tarehe 19 Agosti 1766 akiwa na umri wa miaka 48. Qianlong alikuwa kaskazini kwa ajili ya mawindo ya Mulan na hakukatisha safari. Alimruhusu Yongji, aliyekuwa na miaka 14, kurudi kumwombolezea mama yake, na akaamuru mazishi yafanywe kwa kiwango cha huangguifei. Hata kiwango hicho hakikufikiwa. Gharama zote zilikuwa kidogo zaidi ya tael 200 za fedha, kiasi cha aibu kwa ikulu tajiri kama ile. Mkaguzi Li Yuming aliandika barua kulalamika kwamba taratibu hazikufuatwa, naye akapelekwa uhamishoni Ili, magharibi ya mbali.

Jeneza la Nara liliwekwa pembeni ndani ya kaburi la suria mwingine, Bibi Su, aliyefariki mwaka 1760, katika makaburi ya masuria wa Qianlong yaliyoko Zunhua, mkoa wa Hebei. Hakuwekewa kibao cha jina wala kutengewa sadaka za kila mwaka, ambazo hata masuria wadogo walipata.

Baada ya kifo chake

Qianlong hakuteua malkia mwingine hadi alipoachia madaraka mwaka 1796. Suala lenyewe halikufa. Mwaka 1778, kaisari akiwa safarini kwenda kuzuru makaburi ya mababu huko Mukden, mwanafunzi mmoja wa Jinzhou aliyeitwa Jin Congshan alimpelekea ombi njiani, akitaka pamoja na mengine kaisari ateue malkia. Jin aliuawa. Kaisari alitoa waraka wa kujitetea: kwamba Nara alipewa na baba yake, kwamba alipandishwa kwa kufuata zamu ya vyeo, kwamba alivumiliwa makosa yake, na kwamba kutomwondolea jina la malkia hata baada ya kukata nywele kulikuwa ni huruma kubwa. Waraka huo, uliotolewa miaka 12 baada ya kifo chake, ndio unaothibitisha rasmi habari ya nywele. Sababu ya kuzikata haikutajwa humo pia.

Yongji alilipa sehemu ya deni la mama yake. Hakupewa cheo chochote na baba yake, ilhali ndugu zake walikuwa wakipata. Alifariki mwaka 1776 akiwa na miaka 23. Mwaka 1799, Qianlong alipofariki, Kaisari Jiaqing alimpa marehemu kaka yake cheo cha beile. Jiaqing alikuwa mwana wa Bibi Ling, na mama yake alikuwa amepewa cheo cha malkia baada ya kufa, mwaka 1795. Nara mwenyewe hakurudishiwa chochote.

Katika riwaya na tamthilia

Kwa muda mrefu watazamaji walimjua kama adui. Katika Huan Zhu Gege ya mwaka 1998, iliyotokana na riwaya ya Qiong Yao na kupendwa sana katika nchi nyingi za Asia, malkia aliigizwa na Dai Chunrong kama mwanamke mkali anayewatesa mabinti wawili wahusika wakuu.

Mwaka 2018 zilitoka tamthilia mbili kubwa juu ya ikulu ya Qianlong, zikipingana. Yanxi Gonglüe inamfuata Bibi Ling, na Nara, aliyeigizwa na Charmaine Sheh, anaanza akiwa mpole kisha anageuka mwenye hila. Ruyi Zhuan, iliyotokana na riwaya ya Liu Lianzi, inamweka Nara katikati: Zhou Xun anaigiza Ruyi, aliyempenda kaisari tangu ujanani, akapandishwa, akasingiziwa, na mwisho akakata nywele zake mbele ya mume aliyeigizwa na Wallace Huo. Humo Ling ndiye mwovu. Mapenzi ya utotoni ya Ruyi na Hongli hayana msingi katika historia, na hakuna ushahidi kwamba Bibi Ling wa kweli alimfanyia Nara njama yoyote.