Camille Claudel: miaka 30 ya kungoja ndugu

Likizo iliyopita nilikuwa Paris, nikaingia makumbusho ya Rodin. Kuna chumba kina sanamu za mwanamke, Camille Claudel. Nikadhani ni mwanafunzi tu wa yule mzee. Kumbe!

Alizaliwa 1864, Fère-en-Tardenois, kaskazini mwa Ufaransa. Toka utotoni alipenda udongo. Baba alimuunga mkono, mama alichukia. Miaka ya 1880 aliingia karakana ya Auguste Rodin, wakawa wapenzi, baadaye wakaachana. Akabaki peke yake, akiamini Rodin anamwibia kazi na anataka kumpa sumu. Sanamu zake mwenyewe alizivunja kwa nyundo. Kuumwa aliumwa, hapo sibishi.

Baba alifariki tarehe 2 Machi 1913. Siku nane tu baadaye Camille akachukuliwa hadi hospitali ya Ville-Évrard. Vita vya 1914 vilipoanza akahamishiwa Montdevergues, karibu na Avignon, na huko ndiko alikofia.

Sasa sikilizeni. Mwaka 1920 daktari alimwandikia mama yake kwamba mgonjwa ametulia, wajaribu kumrudisha kwa familia. Mama akakataa. Aliishi hadi 1929 bila kwenda kumwona hata mara moja. Mdogo wake, Paul, mshairi na balozi aliyefika mpaka Tokyo na Washington, alikwenda mara chache mno. Camille aliandika barua akiomba atolewe. Udongo alipewa, hakuutaka tena. Rafiki wa ujana, Jessie Lipscomb, Mwingereza, yeye alimfuata mwaka 1929. Ipo picha ya siku hiyo: bibi kizee kakaa kwenye kiti, mikono kaikunja.

Wakati wa vita ya pili maelfu ya wagonjwa wa akili Ufaransa walikufa kwa njaa hospitalini. Camille alifariki tarehe 19 Oktoba 1943, ana miaka 78. Baadaye mifupa yake ikachanganywa na ya wengine. Makumbusho yenye jina lake yalifunguliwa Nogent-sur-Seine mwaka 2017.

Mimi nina baba mdogo, kalazwa nyumbani toka niko darasa la sita. Daktari alishasema anaweza kutoka. Kila nikipiga simu naambiwa nyumba imejaa, mara watoto watamwogopa. Na mimi nikishatuma hela najiona nimemaliza.

Tiketi ya Desemba nimeshakata. Nikitua, naanzia hospitali, nyumbani baadaye.