George Washington Carver: yatima aliyefunguliwa milango na marafiki

Kila mwaka wa masomo unapoanza, sisi wachungaji wa mashariki tunapokea vijana wenye shida moja. Mmoja amefiwa na wazazi, mwingine familia yake imekimbia vita, mwingine mavuno ya nyumbani hayakutosha. Wote wanauliza watasoma namna gani. Mara nyingi tunawaombea, kisha tunawaambia kwamba kanisa halina pesa. Ndiyo sababu tunapenda kuwasimulia ndugu na dada maisha ya George Washington Carver, mtaalamu wa kilimo wa Marekani. Wengi wamesikia jina lake kwa sababu ya karanga. Wachache wanajua watu waliomshika mkono.

Mtoto aliyebaki bila mama

George alizaliwa karibu mwaka 1864, karibu na Diamond, katika jimbo la Missouri. Mama yake, Mary, alikuwa mtumwa wa mkulima mzungu aliyeitwa Moses Carver. Baba yake hakumjua. Akiwa mtoto mchanga, wanyang'anyi walivamia shamba, wakamchukua yeye pamoja na mama yake. Moses Carver alituma mtu kuwatafuta. Mtoto alirudishwa akiwa mgonjwa sana wa kikohozi, na aliyemrudisha akalipwa farasi mmoja. Mama hakuonekana tena.

Utumwa ulipokomeshwa, Moses na mke wake Susan walimlea George pamoja na kaka yake Jim. Kwa kuwa alikuwa dhaifu, hakupewa kazi nzito za shamba. Susan alimfundisha kupika, kushona, kufua nguo na kusoma herufi za kwanza. Kazi hizo, ambazo vijana wengi wa kiume wanazidharau, ndizo zilizomlisha miaka yote ya masomo.

Nyumba ya Mama Mariah

Shule ya karibu haikupokea watoto weusi. George alipokuwa na umri wa miaka kama 12, alitembea kwa miguu hadi mji wa Neosho, palipokuwa na shule ya watoto weusi. Hakuwa na ndugu pale wala pesa, akalala ghalani. Aliyemkuta ni Mariah Watkins, mkunga mweusi aliyefua pia nguo za watu. Yeye na mume wake, Andrew, hawakuwa na watoto. Wakamwingiza nyumbani.

Mama Mariah hakumlea bure tu. Wakati wa mapumziko ya shule, George aliruka uzio, akaja kusaidia kufua, kisha akarudi darasani. Siku ya Mungu walikwenda kanisani pamoja. Tena, kijana alipojitambulisha kama George wa bwana Carver, kwa desturi ya watumwa, Mama Mariah alimkataza: tangu siku ile aitwe George Carver, mtu mwenye jina lake mwenyewe. Alimpa Biblia, ambayo aliitunza hadi uzee, na akamwagiza kwamba elimu yote atakayoipata airudishe kwa watu wake.

Mlango uliofungwa, na waliofungua mwingine

Kutoka Neosho, George alihamahama katika jimbo la Kansas, akipika na kufua ili asome. Katika mji mmoja aliona kwa macho yake kundi la watu likimuua mtu mweusi, akaukimbia mji huo. Alipomaliza sekondari, aliandikia chuo cha Highland, kilichokuwa cha Wapresbiteri, nao wakamkubali kwa barua. Alipofika na kuonekana kuwa ni mweusi, walimfukuza mlangoni. Tuseme ukweli, hata kama unauma: waliomfungia mlango walikuwa watu wa kanisa, kama sisi. Kwa miaka kadhaa baada ya hapo George hakujaribu tena kuingia chuo.

Aliyemrudisha kwenye njia hiyo pia ni watu wa kanisa. Katika mji wa Winterset, jimbo la Iowa, daktari Milholland na mke wake Helen walimsikia akiimba ibadani. Walimkaribisha nyumbani, na ziara moja ikawa nyingi. Ndio waliomsihi mara kwa mara ajaribu tena. Mwaka 1890 aliingia chuo cha Simpson, cha Wamethodisti, mjini Indianola. Baada ya kulipa ada alibaki na senti chache za unga wa mahindi na mafuta ya ng'ombe. Chumbani hakuwa na kitanda wala kiti. Wanafunzi wenzake walimletea nguo zao azifue kwa malipo, na siku moja alipokuwa darasani walimwekea vyombo vya nyumba bila kusema ni nani aliyevinunua.

Pale alisomea uchoraji. Mwalimu wake, Etta Budd, aliona kipaji chake, lakini aliona pia kwamba mchoraji mweusi angepata shida kuishi kwa picha. Alijua jinsi kijana huyu alivyopenda mimea. Baba yake mwalimu huyo alifundisha kilimo cha bustani katika chuo cha Ames, basi akamwelekeza huko. George alihamia Ames mwaka 1891, akiwa mwanafunzi mweusi wa kwanza pale. Siku za mwanzo alikatazwa kula na wenzake, akapelekwa chini na wafanyakazi. Mama mmoja mzungu wa Indianola, Bi Liston, aliposikia, alipanda treni, akaja kuketi na kula naye mezani. Profesa James Wilson alimpa ofisi yake ya zamani alale humo, na profesa Louis Pammel alimfundisha elimu ya mimea kwa karibu. Mwaka 1896 George alipata shahada ya pili.

Alivyorudisha

Mwaka huohuo Booker T. Washington, ambaye naye alizaliwa mtumwa, alimwita kufundisha katika shule ya Tuskegee, jimbo la Alabama. Carver angeweza kubaki Ames kwenye vifaa bora. Alikwenda, akakuta hakuna maabara, akawatuma wanafunzi kuokota chupa na vyungu kwenye takataka. Mashamba ya watu weusi yalikuwa yamechoka kwa kupandwa pamba kila mwaka. Aliwafundisha kubadilisha mazao: wapande kunde na karanga, ambazo zinarudisha rutuba katika udongo, na viazi vitamu vya kushibisha watoto. Tangu mwaka 1906, mkokoteni wa mafundisho ulizunguka vijijini kwa wasioweza kufika shuleni.

Hakuoa. Wanafunzi walikuwa watoto wake, akawafundisha Biblia siku za Mungu. Akiba yake, takriban dola 60 000, aliiachia mfuko wa kuendeleza utafiti. Alikufa tarehe 5 Januari 1943.

Kwa makanisa yetu

Tukiondoa Mariah, familia Milholland, Etta Budd na wale wanafunzi, Carver anabaki kijana hodari anayefua nguo za watu Kansas. Akili alikuwa nayo, na bidii pia, lakini havikutosha kufungua mlango wa Highland. Hata Sauli wa Tarso, mwenye elimu kubwa, aliogopwa na wanafunzi Yerusalemu mpaka Barnaba alipomshika mkono (Matendo 9), na baadaye Barnaba huyohuyo akasafiri kwenda kumtafuta (Matendo 11).

Tena hakuna hata mmoja wao aliyelipa masomo yote. Kila mmoja alitoa alichokuwa nacho: kitanda, kazi ya malipo, neno kwa baba, nauli ya treni ya kwenda kula na mtu aliyedharauliwa. Katika parokia zetu wako wakunga, walimu, mafundi wa kushona, wauguzi na wakulima wenye ujuzi. Tunaomba kila baraza la wazee, kabla ya masomo kuanza, liandike majina ya vijana wanaokaribia kuacha shule, na mbele ya kila jina liandike mkristo mmoja atakayetembea naye mwaka mzima. Mtoto aliyelala ghalani Neosho alihitaji kwanza mtu wa kumwingiza nyumbani. Kesho mtoto kama huyo anaweza kubisha kwetu. Bwana atukute mlango ukiwa wazi.